Viinitete vyetu vitatu vimegandishwa Dar. Nikisaini viyeyushwe, nitakuwa nimeua?

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 42, naishi Ujiji na mume wangu na binti yetu. Nakuandikia usiku. Huu ni wakati wa giza la mwezi, mume wangu yuko Kibirizi anasubiri mitumbwi ya dagaa, na mtoto amelala. Mchana nyumba yetu ina watu wengi na siwezi kuandika haya bila kutokwa machozi.

Nimekulia Kasulu kwenye familia ya Kikatoliki. Mume wangu ni Muislamu, mzaliwa wa hapa hapa Ujiji. Tulifunga ndoa ya bomani mwaka 2011, kila mmoja akabaki na dini yake, na hatujawahi kugombana kwa ajili ya dini. Mpaka mwaka huu.

Tulikaa miaka kumi bila mtoto. Mirija yangu yote miwili ilikuwa imeziba. Yaliyosemwa juu yangu katika miaka ile sitayaandika, unayajua. Mwaka 2021 mume wangu aliuza boti moja pamoja na injini yake, tukaenda Dar es Salaam kwenye kituo cha kupandikiza mimba. Nilichomwa sindano za homoni, mayai yakatolewa, yakarutubishwa maabara kwa mbegu za mume wangu, tukaambiwa tumepata viinitete vinne vizuri. Kimoja kiliwekwa tumboni siku ya tano. Huyo ndiye binti yetu. Vitatu vikagandishwa. Tulisaini makaratasi mengi siku ile, lakini moyo wangu wote ulikuwa kwenye mtoto.

Mimba ilinitesa. Presha ilipanda, uso ukavimba, nikawa naona nyota mchana. Wiki ya 33 nilikimbizwa chumba cha upasuaji. Binti alizaliwa njiti, nikambeba kifuani kwa njia ya kangaruu wiki nzima wodini na wiki nyingi nyumbani. Sasa ana miaka mitatu na anaongea kuliko baba yake. Daktari aliniambia nikitaka mimba nyingine nisikurupuke, kwa sababu presha inaweza kurudi na umri umesogea.

Kila mwaka tunalipia uhifadhi. Ada inazidi mshahara wangu wa mwezi. Ziwa lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024 ili samaki wazaliane, tulikopa ili tulipe. Sasa kituo kimetutumia fomu tuchague: tuendelee kulipia, nipandikizwe, viyeyushwe na kutupwa, vitolewe kwa utafiti na mafunzo, au wapewe wanandoa wengine. Wametupa miezi mitatu.

Mume wangu anasema tuache. Alimuuliza shehe wake, akaambiwa roho hupulizwa baada ya siku 120, na hivi ni vya siku tano. "Mungu ametupa mmoja, tumshukuru. Hayo ni maji tu." Fomu yenyewe hataki kuisaini. Anataka tuache kulipa, halafu kituo kitajua la kufanya.

Mama yangu alikuja kututembelea akaiona barua ya kituo. Nilimweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na hao wenzake mmewaacha kwa nani?" Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo naota watoto watatu wako gizani wanatetemeka kwa baridi, mimi nawatafutia kanga siioni.

Nilikwenda kwa padre. Alikuwa mpole sana, lakini alisema Kanisa halikubali njia tuliyotumia na kwamba uhai wa binadamu unastahili heshima tangu kutungwa mimba. Nilitoka nikijiuliza kama binti yangu ni kosa.

Kuna na mdogo wangu anayeishi Tabora. Ameolewa miaka sita, hajapata mtoto. Aliposikia habari hii alinipigia simu akasema, "Dada, si unipe mimi kimoja?" Alicheka, ila najua hakuwa anatania.

Usiku nasoma kwenye simu. Nilikutana na mfano wa jengo linaloungua: chumba kimoja kina mtoto analia, kingine kina mtungi wa viinitete vilivyogandishwa, na unaweza kuokoa upande mmoja tu. Mwandishi alisema kila mtu atamchukua mtoto, kwa hiyo viinitete si watu. Mimi nilijaribu kuwaza. Nilimuona binti yangu ndiye analia, nikamchukua nikakimbia. Halafu nikajiona nimewasaliti wale watatu.

Naomba uniambie. Nikisaini viyeyushwe, nitakuwa nimeua? Nikiacha kulipa bila kusaini, kuna tofauti? Na kama ni maji tu, mbona silali?

Mama wa mmoja, au wa wanne
Ujiji, Kigoma

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jambo ulilolitaja kwa mstari mmoja ukalipita haraka, kwa sababu naona ndilo linalokuchoma zaidi: kama binti yako ni kosa.

Si kosa, na hayo si maneno yangu tu. Waraka wa Kanisa lako uitwao Donum Vitae, wa mwaka 1987, ndio uliokataa utungaji wa mimba maabara, na padre alikueleza sawasawa. Lakini waraka huo huo unasema kila mtoto anayekuja duniani lazima apokewe kama zawadi hai ya wema wa Mungu na alelewe kwa upendo. Kuihukumu njia ni jambo moja, kumhukumu mtoto ni jambo jingine, na Kanisa limeyatenganisha waziwazi. Ningependa urudi kwa padre yule umuulize swali hili kwa mdomo wako, kwa sababu ulitoka na jibu ambalo yeye hakulitoa.

Sasa nirudie nilivyokuelewa. Una viinitete vitatu ambavyo ni vyako na vya mume wako. Mama anaviona wajukuu walioachwa. Mume anaviona maji. Wewe umesimama katikati, na kimyakimya umejipangia kwamba kama mama ana haki basi wewe ni muuaji mtarajiwa, na kama mume ana haki basi machozi yako ni upuuzi. Hapo ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu sioni kama umelazimika kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Kwanza ile baridi unayoiota. Kiinitete cha siku ya tano ni kifuko cha seli kama mia moja hadi mia mbili, na upana wake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Seli za nje zinajiandaa kuwa kondo la nyuma. Kikundi kidogo cha ndani ndicho kinachoweza kuja kuwa mwili wa mtoto. Hakina mshipa wa fahamu hata mmoja, hakina ubongo, hakina moyo, kwani moyo huanza kupiga karibu na siku ya 22. Vimo ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na katika hali hiyo kila shughuli ya uhai imesimama. Hakuna anayetetemeka, hakuna anayesubiri gizani. Mengine mengi katika jibu hili ni ya kujadiliana. Hili nakuhakikishia.

Lakini hilo halimalizi swali lako, na sitajifanya kwamba linamaliza. Mtu aliyepigwa dawa ya usingizi mezani pa upasuaji naye hahisi chochote, na hakuna anayesema ameacha kuwa mtu. Kutohisi maumivu kunaondoa ukatili unaouogopa. Hakutuambii kiinitete ni nani au ni nini.

Na kwa hilo, dada, unahangaika na jambo ambalo limewagawa watu wenye elimu na nia njema kwa muda mrefu. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa njia hii, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Miaka minne baadaye serikali ya huko iliunda kamati chini ya mwanafalsafa Mary Warnock ili ijibu karibu maswali yako yote. Ripoti yao ya mwaka 1984 ilisema kiinitete cha binadamu kipewe hadhi ya pekee: hakihesabiwi sawa na mtoto aliyezaliwa, wala si kitu cha kufanyiwa lolote mtu apendalo. Waliweka mpaka kwamba kisikuzwe maabara kwa utafiti kupita siku 14. Karibu na siku hiyo hutokea mstari ambao mwili huanza kujipanga juu yake, na kabla ya hapo kiinitete kimoja kinaweza bado kugawanyika kikawa mapacha. Wengine wakauliza, kama bado kinaweza kuwa wawili, tutasemaje tayari ni mtu mmoja? Wapinzani wakajibu kwamba kuweza kugawanyika hakuthibitishi kuwa hapakuwa na mtu. Mjadala haujafungwa. Februari 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo la Alabama, Marekani, iliamua kwamba viinitete vilivyogandishwa ni watoto mbele ya sheria yao ya fidia kwa kifo cha mtoto. Vya aina ile ile tu kama hivyo vyako, na nchi mbili zikatoa majibu mawili.

Hata ndani ya dini zenu mambo ni mapana kuliko yanavyosikika sebuleni. Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Kanisa, aliamini, kama mwanafalsafa wa kale Aristotle, kwamba roho ya kibinadamu huja wiki kadhaa baada ya kutungwa mimba. Kanisa la leo linafundisha heshima kamili tangu mwanzo, na haliyumbi katika hilo. Lakini lilipofika kwenye viinitete vilivyokwisha kugandishwa, waraka wa mwaka 2008, Dignitas Personae, ulikiri kwamba hiyo ni hali ya udhalimu ambayo kwa kweli haiwezi kutatuliwa. Ulikataa visitumike kwa utafiti, na ulisita hata juu ya kuwapa wanandoa wengine, ingawa uliisifu nia yao. Nakueleza haya uone kwamba kukwama kwako hakutokani na imani haba. Waliokuandikia mafundisho nao walifika hapo wakasimama.

Kwa upande wa mume wako, shehe alisema kweli. Hadithi ya Mtume ya siku arobaini mara tatu ni mashuhuri, imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Ila mafakihi wengi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, hawakutoka hapo wakasema kilicho kabla ya siku 120 hakina thamani. Wapo wanaokataza kutoa mimba mapema zaidi bila sababu nzito, na wapo wanaohesabu siku 40. Mwaka 1990 baraza la fiqhi la kimataifa lenye makao Jeddah liliamua kwamba mayai yaliyorutubishwa yakibaki, yaachwe bila uangalizi wa kitabibu mpaka uhai wake ukome wenyewe. Angalia maneno hayo: wanakubali kwamba kuna uhai. Mume wako anaweza kubaki na msimamo wake wote na bado akakubali kwamba machozi yako yana kitu yanachokililia.

Juu ya ule mfano wa moto, nauona una nguvu ndogo kuliko ulivyodhani. Mama yeyote angemkimbilia mwanawe kabla ya watoto watano wa jirani, na hakuna ambaye angesema wale watano si watu. Tena mtoto angeuhisi moto. Mfano ule unaonyesha kwamba mioyo yetu haimtendei kiinitete kama inavyomtendea mtoto aliyezaliwa, na hilo ni jambo la kufikiriwa. Ila hauna uwezo wa kukuambia ni nini. Na hauna uwezo kabisa wa kukuita msaliti. Ulimchukua binti yako. Ungemwacha kwa ajili ya nani?

Sasa kalamu. Unauliza kama kuna tofauti kati ya kusaini na kuacha kulipa. Wanafalsafa wanabishana sana kuhusu kutenda na kuacha kutenda, na hospitalini tofauti hiyo ni kubwa: kumwondoa mgonjwa asiye na tumaini kwenye mashine hakuhesabiwi sawa na kumchoma sindano ya kumuua. Uamuzi ule wa Jeddah umesimama juu ya tofauti hiyo hiyo. Lakini wataalamu wa saikolojia nao wamegundua jambo. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1990, watu waliulizwa kuhusu chanjo ambayo ingeua watoto wachache kuliko ugonjwa wenyewe. Wengi walisita kuchanja, ingawa kutochanja kungeua zaidi. Mkono unaotenda hujiona na hatia kuliko mkono uliokunjwa, hata pale matokeo ya kuukunja ni mabaya zaidi. Kwa hiyo kutetemeka kwako mbele ya fomu si kipimo cha uzito wa dhambi. Na mume wako naye, anapotaka mnyamaze tu ili kituo kiamue, huenda anaukimbia mtetemeko ule ule. Nyote wawili mtakuwa mmeamua, kwa wino au bila wino. Binafsi naona ni heri uamuzi uwe wenu, lakini hilo ni pendekezo langu na mna haki ya kulikataa.

Mbona hulali, basi, kama ni maji tu?

Watafiti wa San Francisco waliwahoji wanandoa 58 waliopata watoto kwa njia hii, wao wakiwa wametumia mayai ya kuchangiwa, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Wengi wao walikuwa bado hawajaamua kuhusu viinitete vilivyobaki, na namna walivyoviona ilikuwa imebadilika tangu watoto wao wazaliwe. Nadhani ndicho kilichokupata. Mwaka 2021 vile vitatu vilikuwa nafasi, akiba endapo cha kwanza kingeshindwa. Leo vina sura ya binti yako. Ukiviwaza unamuona yeye akicheka mara tatu. Hilo halithibitishi kwamba ni watoto, wala halithibitishi kwamba umechanganyikiwa. Linaonyesha tu kwamba upendo wako kwake umemwagika mpaka kwao.

Na nihoji hesabu moja unayoifanya usingizini. Unahesabu watoto watatu. Viinitete vitatu si ahadi ya watoto watatu. Kimoja kinaweza kisivumilie kuyeyushwa, na kwa mayai ya mwanamke aliyekaribia miaka 40, mara nyingi upandikizaji hauishii kwenye mtoto hata pale kila kitu kimefanywa vizuri. Anayekuhukumu kwa watoto watatu waliokufa anakuhukumu kwa jambo ambalo hata daktari bingwa asingeweza kuahidi.

Nina wazo jingine, nalisema taratibu kwa sababu naweza kuwa nimelisoma mahali lisipoandikwa. Ulipita miaka kumi ya kusemwa, halafu ukakaribia kufa wiki ya 33, na katika barua yako yote hayo yana mistari michache. Pengine ukivifunga vile vitatu, unafunga na uzazi wako wote. Pengine unayemlilia usiku ni yule mwanamke wa miaka ile kumi, ambaye hakuna aliyekaa naye akalia. Kama ndivyo, fomu haitakuponya ukichagua hiki au kile. Hilo linahitaji mtu wa kulisikiliza, na kama usingizi na hamu ya kula vinaendelea kukukimbia, au ukianza kuwaza kwamba heri usingekuwepo, nenda hospitali ya mkoa uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Nenda mapema, usisubiri fomu imalizike.

Kuhusu mume wako, amekuambia anachofikiri. Umeshamuuliza anaogopa nini? Huyu ndiye aliyeuza boti, na ndiye aliyesimama nje ya mlango wa upasuaji bila kujua atatoka nani. Huenda "maji tu" ni njia yake ya kusema hataki kusimama kwenye ule mlango tena. Mbalamwezi ikirudi mitumbwi haitatoka na atakuwa nyumbani usiku. Kaeni wawili, bila mama, bila shehe, bila padre, bila mimi. Kila mmoja aseme anachohofia kabla ya kusema anachotaka.

Njia zenyewe sasa. Kupandikizwa ndiyo njia ambayo ingemtuliza mama yako, na ndiyo inayoweza kukugharimu zaidi. Aliyepata presha kali ya mimba akajifungua kabla ya wiki 34 yuko kwenye hatari kubwa ya kurudiwa kuliko mwanamke mwingine, umri unaongeza, na mimba za viinitete vilivyogandishwa zenyewe zinahusishwa na presha kwa kiasi fulani. Yapo ya kupunguza hatari, kama aspirini ya dozi ndogo inayoanzwa kabla ya wiki ya 16 kwa maelekezo ya daktari, na kliniki ya karibu sana. Lakini kama utalifikiria, lifikirie kwa sababu unamtamani mtoto mwingine. Kubeba mimba ili kulipa deni la dhamiri ni mzigo mzito kwako, na kwa huyo mtoto pia. Na binti wa miaka mitatu anayekuhitaji ukiwa hai ana haki ya kuhesabiwa kwenye hoja hii.

Mdogo wako wa Tabora ameomba kwa kicheko, nawe usimjibu kwa kicheko. Kwetu mama mdogo ni mama, na watoto wengi wamelelewa na ndugu wa wazazi wao bila jeraha. Tofauti hapa ni kwamba ndugu yake binti yako angezaliwa akiitwa binamu yake, na siri ya namna hiyo katika ukoo haikai. Wanazuoni wengi wa Kisunni hawakubali kwa sababu ya nasaba, na hilo litamgusa mume wako. Kituo kikishindwa kumpa mimba, mtalia watu wanne. Kabla ya yote, je, yeye na mumewe wamepimwa wote wawili? Karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, mwanaume naye ana sehemu ya sababu, na wengi huishia kumpima mwanamke peke yake. Inawezekana msaada anaouhitaji ni mwingine kabisa, na uko karibu zaidi.

Utafiti na mafunzo, mama yako na padre wataupinga. Wapo wazazi waliofarijika kujua kwamba viinitete vyao viliwafundisha wataalamu kuwasaidia wengine. Wewe mwenyewe ulipata binti kwa elimu iliyotoka kwenye viinitete vya watu usiowajua. Sisemi hilo ni deni. Ulizeni tu wangevifanyia nini hasa, kwa muda gani, na baadaye viende wapi.

Kuendelea kulipa si woga, kama mnalipa ili mpate muda. Vinaweza kukaa miaka mingi: mwaka 2022 walizaliwa mapacha Marekani kutoka viinitete vilivyogandishwa mwaka 1992. Ila mkilipa kwa mikopo mwaka baada ya mwaka ili tu msilizungumze, mtakuwa mnakula sahani ya binti yenu.

Na mkifikia kuviachia, haitakiwi kuwa kutupwa kama takataka. Katika baadhi ya nchi vituo huwaruhusu wazazi wawepo, au wavichukue wakavizike, au daktari aviweke ndani ya mwili wa mama katika siku ambazo mimba haiwezi kushika, vimalizikie huko. Ulizeni kama kituo chenu kinakubali lolote kati ya hayo, na kama daktari anaona ni salama kwako. Wewe unaweza kuwasha mshumaa, yeye anaweza kusoma dua. Mmeishi hivyo tangu 2011.

Umeniuliza moja kwa moja kama utakuwa umeua, nami nimezunguka sana. Sitakuambia viinitete vyako ni nini mbele ya Mungu, maana siwezi. Ninachokiona ni kwamba neno hilo limebeba chuki na kutojali, na katika barua yako sikuona tone la hayo. Unaweza kumaliza mkiwa mmeviachia ukabaki na huzuni bila kubaki na hatia. Unaweza pia kukuta dhamiri yako inakataa kabisa, na hapo usisaini kwa kumfurahisha mtu, hata mimi.

Kabla ya miezi mitatu kwisha, pigeni simu kituoni mkiwa wote wawili. Waombeni nakala ya makaratasi mliyosaini 2021, maana huenda yanaeleza nini kitatokea mkiacha kulipa, au mmoja wenu akifariki. Waulizeni ubora wa kila kiinitete kati ya vitatu. Waambieni mnahitaji muda zaidi, na kama ada inaweza kulipwa kwa awamu. Halafu umwone daktari wa uzazi na kadi yako ya kliniki ya ile mimba, akueleze hatari yako wewe, kwa presha yako na umri wako. Ukishapata majibu hayo, niandikie tena.